Pala ya Huxley: ni tantra kweli au jina tu?

#1 Kurasa Tupu
Wakuu, salamu. Naleta dai, nipingeni mkiweza. Pala, kisiwa cha kubuni alichokichora Aldous Huxley katika Island (1962), hakina tantra, yaani yale mapokeo ya siri ya ibada ya Wahindu na Wabudha. Kina jina lake tu. Toa orodha ya vinavyoifanya tantra iwe tantra: diksha, yaani kuingizwa na mwalimu, mantra (silabi takatifu) unayonong'onezwa sikioni, mandala (mchoro wa ibada), kiapo cha kufunga mdomo. Tafuta Pala, hukipati hata kimoja. Kule maithuna, ile yoga ya mapenzi, ni somo la shule kama hesabu. Siri ikishaingizwa kwenye silabasi, imebaki siri gani? Ninakwenda mbali zaidi: riwaya ya jamii kamilifu iliyosimama juu ya tantra haiandikiki. Tantra inataka mlango wenye mlinzi, jamii kamilifu inajisifu kwamba haina milango.

#2 Bi Maktaba
Mleta mada umeruka kurasa. Vijana wa Pala hawaishii darasani. Wanapanda mwamba mkali kwa kamba, hatari ya kufa ikiwa ya kweli, halafu wanaingia hekalu la mungu Shiva na kupewa dawa ya moksha, yaani ukombozi, inayotokana na uyoga. Dakta Robert, daktari wa kisiwa, anawasomea sanamu ya Nataraja, Shiva anayecheza, kiungo kwa kiungo: ngoma mkono huu, moto mkono ule, kibeti chini ya mguu. Kuna hatari, kuna hekalu, kuna mzee anayeongoza. Unataka diksha ya namna gani tena?

#3 Kurasa Tupu
Bi Maktaba, hayo ni mahafali. Katika mapokeo ya Shaiva, yaani ya wafuasi wa Shiva, diksha si sherehe ya kumpongeza aliyehitimu. Ibada yenyewe ndiyo inayokata vifungo vya karma, ili mtu akifa awe huru. Mafunzo na wajibu wa kila siku vinafuata baadaye. Tena mwalimu anaweza kukukatalia. Pala wamegeuza mpangilio: mafunzo kwanza, ibada mwisho, na rika zima linapita pamoja. Hiyo dawa nayo haikutoka kwenye tantra yoyote. Huxley alimeza meskalini Mei 1953, akaandika kitabu juu yake 1954, kisha akaipandikiza Pala.

#4 Fundi Herufi
Mlango ni suala dogo. Tatizo kubwa ni mwiko.

Abhinavagupta wa Kashmir, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 10 na mwanzoni mwa ya 11, anaeleza ibada ya Kula (tawi la tantra, si kula chakula) katika sura ya 29 ya kitabu chake Tantraloka. Vitu ni vitatu: pombe, nyama, kujamiiana. Nguvu yake haitoki kwenye pombe kama pombe. Inatoka kwa Brahmin, mtu wa tabaka la makuhani, aliyelelewa tangu utotoni kwamba tone moja linamchafua, na sasa kikombe kiko mdomoni. Neno la Kisanskriti ni shanka: ule wasiwasi, kule kusita. Kwa wafuasi wa Kula, shanka ndiyo minyororo yenyewe, na ibada imepangwa ili uitazame usoni mpaka ikatike.

Sasa mchukue mtu wa Pala. Hakuna aliyemwambia mwili ni mchafu. Vidhibiti mimba analetewa na tarishi kila mwezi. Unampa kikombe hicho hicho ili avuke nini? Ukuta ulishabomolewa na babu yake.

#5 Nukta Saba
Nakazia #4, na naongeza mfano ambao kila mwandishi wa riwaya za aina hii angeukariri. Kularnava Tantra inasema, kwa maneno yangu: duara la Bhairavi, yaani kikao cha ibada ya mungu huyo wa kike, likianza, watu wa matabaka yote wamezaliwa mara mbili, yaani wako daraja la juu, duara likifungwa, kila tabaka linarudi mahali pake.

Someni tena nusu ya pili. Usawa una saa ya kuanza na saa ya kwisha. Dobi na Brahmin wanakula chombo kimoja usiku, asubuhi Brahmin anakwenda kuoga na dunia inaendelea kama jana. Tantra ilikuwa na jamii kamilifu yake, ila ilidumu usiku mmoja. Huxley alitaka kuinyoosha iwe ya mwaka mzima, ndiyo maana imepwaya.

#6 Jicho Pembeni
Nukta Saba, usichukue tantra moja ukaifanya zote. Svacchanda Tantra, ambayo ni kongwe kuliko Kularnava, inasema kinyume: walioingizwa wote ni tabaka moja, la Bhairava (sura kali ya Shiva), na kumtajia mwenzako tabaka lake la zamani ni kosa linalohitaji kafara. Hakuna cha "duara likifungwa". Tabaka la zamani halitajwi tena.

#7 Nukta Saba
Sawa, pointi. Lakini sheria ya kukataza jambo kutajwa inakuambia kwamba lilikuwa likitajwa. Na wanatantra wenyewe walikuwa na msemo: ndani wewe ni Kaula (mfuasi wa Kula), nje Shaiva, katika shughuli za jamii fuata Veda, maandiko ya kale. Nyuso tatu, mtu mmoja. Jamii kamilifu ya kwenye riwaya haimruhusu raia wake kuwa na nyuso tatu.

#8 Mpanda Mlima
Mnabishana kana kwamba tantra haikuwahi kuandika jamii kamilifu. Shambhala je?

Imo ndani ya Kalachakra Tantra ya Kibudha na maelezo yake, Vimalaprabha, maandishi ya karne ya 11. Nchi yenye umbo la ua la lotasi lenye petali nane, kila petali ina majimbo 12, jumla 96, mji mkuu Kalapa. Wafalme ni 32: saba wa kwanza wanaoitwa wa dharma, kisha 25 wenye cheo cha Kalki. Wa kwanza kati ya hao 25, Manjushri Yashas, alitaka matabaka yote yaunganishwe kuwa ukoo mmoja wa vajra. Wahenga wa Kibrahmin milioni 35, wakiongozwa na Suryaratha, wakakataa, wakafunga virago kuelekea India. Unajua mfalme alifanya nini? Aliingia kwenye tafakuri, akawapumbaza, wakajikuta wamerudishwa pale pale. Ndipo wakakubali kuingizwa.

Mleta mada, mlango huo hapo, ila umefungwa kwa nje.

#9 Kasuku Mlezi
Kwa hiyo Shangri-La ndiyo hiyo hiyo Shambhala, jina limekosewa tahajia?

#10 Mpanda Mlima
Kasuku, ndugu yangu, hapana. Shangri-La ni ya James Hilton, 1933. Monasteri yake ilianzishwa na padri Mkapuchini kutoka Luxembourg, na fundisho kuu ni kiasi: usizidishe chochote, hata wema. Watu wanaishi muda mrefu, wanasoma vitabu, wanapiga piano. Mandala hakuna, mungu wa kike hakuna, diksha hakuna. Mlio wa jina unafanana, na kuna wanaoamini aliuokota huko. Zaidi ya hapo ni milima tu.

Uvumi una nguvu lakini. Roosevelt aliita kambi yake ya mapumziko Shangri-La mwaka 1942, ile ambayo leo ni Camp David, na mwaka 2001 China ikabadilisha jina la wilaya ya Zhongdian, Yunnan, ikaiita hivyo.

#11 Dawati la Nyuma
Nyote mnaitafuta asili ya maithuna ya Pala India. Itafuteni jimbo la New York.

John Humphrey Noyes alianzisha Oneida mwaka 1848. Ndoa ya pamoja: kila mwanamume mume wa kila mwanamke, kwa makubaliano. Ili wasizaliwe watoto ovyo, wanaume walifundishwa kujamiiana bila kumwaga kabisa, na vijana wa kiume walifundishwa na wanawake waliokwisha kukoma hedhi, maana kosa la mwanafunzi halikuwa na gharama. Noyes alitoa kijitabu juu ya mbinu hiyo 1872. Ndani ya Island, Oneida inatajwa waziwazi kwenye mazungumzo ya maithuna. Huxley hakuficha. Alichukua mbinu ya Marekani, akaivika sari.

Na ile klabu ya kuasiliana, kaya 15 mpaka 25 zinazolea watoto kwa zamu, mtoto akigombana na mama anahamia kwa mama mwingine? Hiyo nayo ina harufu ya Oneida, ambako watoto walilelewa na jumuiya nzima. Malezi ya namna hiyo sijayaona kwenye tantra.

#12 Fundi Herufi
Dawati, nakubali nusu. Kuna jambo linaiongezea hoja yako nguvu. Katika ibada za zamani za Kaula, kujizuia halikuwa lengo. Majimaji ya wawili ndiyo yaliyokuwa sadaka: yanakusanywa, yanatolewa kwa miungu, yanaonjwa. Ibada isiyo na majimaji ilikuwa kama karamu isiyo na chakula. Kuzuia na kupandisha juu kunatoka mkondo mwingine: Amritasiddhi ya karne ya 11, baadaye vajroli, mbinu ya kuzuia manii, ya maandishi ya hatha (yoga ya mwili) kama Hathapradipika ya karne ya 15. Wamarekani wa karne ya 19 walikuja na sababu yao, uzazi wa mpango. Huxley akavimimina vyote kwenye chungu kimoja akaandika "tantra" juu ya kifuniko.

#13 Kasuku Mlezi
Na hao wa Oneida waliishia wapi, walipaa?

#14 Dawati la Nyuma
Waliishia kwenye vijiko. Noyes alikimbilia Kanada Juni 1879 akiogopa kushtakiwa, ndoa ya pamoja ikavunjwa Agosti mwaka huo huo, na Januari 1881 jumuiya ikageuzwa kampuni ya hisa. Wakatajirika kwa vijiko na uma za mezani.

#15 Kasuku Mlezi
Kutoka umoja wa roho hadi seti ya vijiko. Nimeupenda huu uzi.

#16 Kalamu Mkaa
Asanteni kwa nondo. Swali la kiufundi: ninaandika hadithi yenye jamii ya aina hii na nataka tukio moja la ibada lisiwe la uongo. Mwandishi akosee wapi asikosee wapi?

#17 Bi Maktaba
Kalamu, kosa namba moja ni chakra (vituo vya nguvu mwilini) saba za rangi za upinde wa mvua. Hizo rangi ni za Magharibi na ni za juzi. Orodha iliyozoeleka inatoka kwenye Shat-chakra-nirupana, iliyoandikwa 1577, ambayo John Woodroffe, jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta, aliitafsiri 1919 kwa jina la bandia Arthur Avalon. Humo chakra ni sita, na ya saba iko juu yake, haimo kwenye hesabu. Petali zake ni 4, 6, 10, 12, 16 na 2. Jumlisha: 50, idadi ya herufi za Kisanskriti katika mfumo huo. Mwili ni alfabeti. Mhusika wako akijenga jamii yake juu ya saba zenye rangi, msomaji anayejua atafunga kitabu. Hevajra Tantra, ya Kibudha, ina nne tu.

Kosa la pili: kuanza na miili miwili kitandani. Hapo ni mwisho wa saa kadhaa za kazi.

#18 Fundi Herufi
Ngoja nimpe hizo saa, angalau mwanzo wake. Kuna hatua inaitwa bhutashuddhi, kusafisha elementi za mwili. Kwa mpangilio unaojulikana zaidi: nyayo hadi magoti ni ardhi, mraba wa manjano, silabi LAM. Magoti hadi kitovu ni maji, mwezi mchanga mweupe, VAM. Kitovu hadi moyo ni moto, pembetatu nyekundu, RAM. Moyo hadi katikati ya nyusi ni upepo, YAM. Juu ya hapo hadi utosini ni anga, HAM. Unayeyusha kila moja ndani ya inayofuata, ya chini kuingia ya juu.

Halafu anakuja mtu ninayempenda kuliko wote: mtu wa dhambi. Yuko upande wa kushoto wa tumbo, ukubwa wa kidole gumba, mweusi tii, macho mekundu, ameshika upanga na ngao. Unavuta pumzi ukisema YAM mara 16, upepo unamkausha. Unaizuia ukisema RAM mara 64, moto unamteketeza. Unaitoa ukisema VAM mara 32, majivu yanaoshwa kwa maji ya uzima. Uwiano ni moja, nne, mbili. Ndipo mwili mpya unajengwa, na mantra zinawekwa kwa vidole: moyo, kichwa, kishungi, deraya ya kifua, macho, silaha. Mungu haalikwi kabla ya hapo, kwa sababu nyumba ya kumkaribishia haijajengwa.

Waandishi hushindwa hapa: wanaruka uharibifu. Wanataka mwili uwe mtakatifu ulivyo. Tantra inauchoma kwanza.

#19 Kurasa Tupu
Hicho kimtu cha kidole gumba kingeingia riwaya yoyote ya jamii kamilifu, ingekuwa ya kwanza kukiri kwamba raia wake kila asubuhi anaamka na adui tumboni. Pala adui yuko ng'ambo ya bahari: Kanali Dipa (dikteta wa nchi jirani), mafuta, kampuni.

#20 Kalamu Mkaa
Nimeelewa. Nitaweka na zile M tano, vitu vitano vya ibada ambavyo majina yake ya Kisanskriti yanaanza na M: pombe, nyama, samaki, mudra yaani ishara za vidole, na maithuna.

#21 Jicho Pembeni
Simama hapo. Mudra katika M tano za Kihindu ni nafaka zilizokaangwa. Unakula. Ukiandika kwamba walikunywa, wakala nyama na samaki, halafu wakafanya ishara za vidole, umeharibu mlo. Na kama jamii yako ni ya Kibudha, mudra inaweza kuwa ni mwanamke mshirika wa ibada. Neno moja, sahani tatu.

Kuna tantra iliyokwisha kufanya kazi ya Huxley kabla yake, na hakuna anayeitaja. Mahanirvana, ambayo wasomi wengi wanaiweka karne ya 18, inaruhusu mbadala kwa watu dhaifu wa zama hizi: badala ya pombe, maziwa, sukari na asali, badala ya maithuna, kutafakari miguu ya Mungu wa kike na kurudia mantra. Tantra ya kukaa na wageni sebuleni.

#22 Dawati la Nyuma
Kuna swali mmelikimbia. Kwa nini India yenyewe, yenye tantra tangu kale, haikumfanya mtantra kuwa raia wa jamii kamilifu kwenye fasihi? Alifanywa mchekeshaji au mhalifu. Karne ya 7 mfalme Mahendravarman wa Pallava, India Kusini, aliandika mchezo wa mzaha juu ya mlevi wa Kikapalika (mfuasi wa Shiva anayebeba fuvu) aliyepoteza bakuli lake la fuvu. Anamshuku mtawa wa Kibudha, kumbe mbwa ndiye aliyelichukua. Karne ya 8, mwandishi wa tamthilia Bhavabhuti anamleta Aghoraghanta anayetaka kumchinja msichana mbele ya mungu wa kike Chamunda. Majirani waliowaona watantra kwa macho yao hawakuota kisiwa. Walifunga madirisha.

#23 Nukta Saba
Bankim Chandra Chatterjee je? Anandamath, 1882. Njaa ya Bengal, watawa wapiganaji msituni, na kijana anaonyeshwa sanamu tatu za Mama, yaani nchi kama mungu wa kike: alivyokuwa, Jagaddhatri, alivyo sasa, Kali, mweusi, uchi, kavuliwa kila kitu, atakavyokuwa, Durga wa mikono kumi. Hiyo ni jamii kamilifu iliyochorwa kwa miungu ya kitantra, na iko mbele, bado haijafika.

#24 Jicho Pembeni
Ila wale watawa wanajiita Vaishnava, wafuasi wa Vishnu, wanaimba jina lake Murari, na wameapa kutogusa wake zao mpaka nchi ikombolewe. Sanamu ni za Shakta, wanaomwabudu mungu wa kike, kiapo ni cha wengine. Bankim alijua anachofanya. Na riwaya yake ya 1866, Kapalkundala, ina Kikapalika wa kuchinja watu, kwa hiyo #22 bado amesimama.

#25 Bi Maktaba
Mimi narudi kwenye ufundi. Pala haikuharibiwa na tantra wala na kukosa tantra. Imeharibiwa na maelezo. Farnaby, mwandishi wa habari, anafika na mguu mbovu, analazwa, na kila anayepita anampa mhadhara. Tantra ni kutenda: kidole hapa, silabi pale, pumzi 16. Riwaya ya jamii kamilifu ni mgeni kutembezwa akionyeshwa kiwanda na shule. Mgeni hawezi kutembezwa ndani ya ibada, na msomaji anayeingia kwa macho ya mgeni haingii.

#26 Mpanda Mlima
Bi Maktaba, sura ya mwisho inakukana. Farnaby anameza dawa mwenyewe, anasikiliza Bach, anawaona wadudu wakilana, na hapo hakuna mhadhara wa kumwokoa. Ndizo kurasa bora za kitabu. Na usiku huo huo majeshi ya Dipa yanaingia, Dakta Robert anapigwa risasi. Rudini kwa Nukta Saba #5: duara likifungwa, kila mtu mahali pake.

#27 Kurasa Tupu
Hiyo sikuiona. Ila Mpanda Mlima, duara la Kularnava linafungwa na walioko ndani. La Pala limefungwa na majeshi. Si kitu kimoja.

#28 Mpanda Mlima
Na la Shambhala? Mfalme wa 25 anatoka na jeshi kwa vita vya mwisho, kisha maandishi hayo hayo yanaeleza vita hivyo kama mapambano ndani ya mwili wa mtu mmoja. Adui wa ng'ambo na kimtu cha tumboni kwenye kitabu kimoja.

#29 Kasuku Mlezi
Mimi nauliza kuhusu wenzangu. Wale ndege maina wa Pala waliofundishwa kuwakumbusha watu wawe makini, hao waliingizwa na nani?

#30 Fundi Herufi
Kasuku, hao ndio pekee waliopewa mantra kisiwa kizima. Maneno machache, wanayarudia bila kuyaelewa, kitabu kinaanza na kinaishia na hilo la "makini", na majeshi yalipopita walikuwa bado wanalisema.

#31 Kurasa Tupu
Lakini walipewa bila kiapo cha siri, tazama wanavyopiga kelele. Dai langu liko pale pale.